Uliza Nikujibu: Sura ya Muuaji Uliiona, Hukujua Tu

Mbukwenyi wadau wangu. Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu ile muvi ya Kitaliano ya mwaka 1975, Profondo rosso, yani wekundu uliokolea, wengi mnaijua kwa jina la kwenye kava, Deep Red. Nikasema ndo muvi ya mauaji iliyopangwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuangalia, nikaishia hapo. Barua na meseji zimemiminika toka Nkuhungu mpaka Kondoa, wapo walionishukuru, wapo wanaonilaumu kwamba wamelala siku tatu taa zinawaka, kwa hiyo safu nzima mwezi huu nimeiachia hiyo muvi. Barua ndefu nimezipunguza maneno, ila maana ya barua sijaigusa.

Kwa ambaye hajui hata tunaongelea nini: kuna Mwingereza anaitwa Marcus Daly, mpiga piano wa jazi, anaishi Italia. Usiku mmoja yuko nje uwanjani anapiga stori na rafiki yake Carlo ambaye kalewa, mara anainua macho anaona mwanamke anauawa dirishani ghorofani. Anapanda mbio, anakuta imeshakuwa. Kuanzia hapo anamtafuta muuaji yeye na dada mmoja mwandishi wa habari, Gianna. Aliyeiongoza ni Dario Argento. Haya, tuanze.

*Shikamoo dada. Nasoma hapa UDOM. Muvi nimemaliza, muuaji nimemjua mwishoni kama wengine, ila rumeti wangu anasema sura ya muuaji ilionyeshwa wazi mwanzoni kabisa na mimi nimeiona. Nimerudia mara tatu siioni. Ananidanganya au?*
*— Mdau, UDOM*

Marahaba mdogo wangu. Hajakudanganya. Ambaye hajaangalia aruke jibu hili aende barua inayofuata, na nakuomba kweli uruke, jina la muuaji sitalitaja hata hapa ila ninachoenda kusema ukishakijua hutakaa uangalie ile muvi kwa macho ya mara ya kwanza tena.

Turudi pale Marcus anapoingia kwenye ile nyumba. Anapita kwenye korido ndefu, ukutani kumejaa michoro ya sura za watu, sura nyeupe nyeupe zimekodoa macho zinatisha zenyewe tu hata bila muuaji. Anapita haraka kwa sababu anakimbilia mtu anayekufa, na kamera inakimbia naye. Anamkuta yule mama shingo imelalia vioo vya dirisha. Polisi wanakuja, maswali yanaanza, ndo Marcus anaanza kusumbuka: kuna picha moja niliiona wakati naingia, saivi haipo. Basi kutoka hapo mpaka mwisho, karibu masaa mawili, jamaa anaisaka picha iliyopotea, na wewe uliyekaa kwenye kochi unaisaka naye.

Hakuna picha iliyopotea. Kilichokuwepo ni kioo. Kioo cha kujitazamia kabisa, kimetundikwa katikati ya michoro, na muuaji alikuwa bado humo ndani kajibanza ukutani, sura yake ikaonekana kwenye kioo imezungukwa na sura za kuchora, macho ya Marcus yakaiweka kwenye fungu la michoro. Na macho yako pia. Argento hakuificha, hakuweka mtu mwingine pale, hakuzima taa, ni sura halisi ya muuaji halisi ipo kwenye muvi ndani ya nusu saa ya kwanza na wewe ulilipa bando ukaiangalia ikapita.

Kuiona fanya hivi: usitumie simu, tafuta tivii au laptopu. Anapofungua tu mlango anza kuisogeza kidogo kidogo, usiangalie anapoelekea yeye, angalia ukuta.

Mimi nilifanya jaribio kwa dada yangu Area C, tulikuwa watu nane sebuleni, upepo wa mwezi wa nane unapiga mabati huko nje. Marcus alivyotoka tu koridoni nikasimamisha, nikauliza kila mtu aniambie ameona nini ukutani. Mmoja kaona sura tano kwenye fremu moja. Mmoja kaona mtu ana masharubu. Binti wa jirani akasema kuna picha macho yake yalimfuata. Hakuna aliyetamka neno kioo. Tukamaliza muvi, nikarudisha nyuma mpaka pale pale nikagandisha. Shemeji akanyanyuka kwenye kochi, akasogea mpaka kwenye tivii, akaweka kidole juu ya ile sura akakiacha hapo hapo, kimya, afu akasema taratibu, "Ila nilimuona. Nilimuona kabisa huyu."

Hicho ndo ninachoipendea hii muvi kuliko zote za aina yake. Nyingi za kutafuta muuaji zinakudanganya, wanamleta dakika za mwisho mtu hata hukuwahi kumsikia, au wanakunyima kitu ambacho mpelelezi anacho. Hapa umepewa haki yako yote mwanzoni, ushahidi uko mkononi mwako, kumbukumbu yako mwenyewe ndo imekuangusha.

*Dada habari za kazi. Nimeiangalia kwa sababu yako ila mbona yule Gianna anatokea tokea tu, mara yupo mara hayupo, na Marcus anamjali ghafla bila sababu? Yangu ina saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Mume wangu kazini kwao wanayo ya masaa mawili na zaidi. Ni muvi mbili?*
*— Mama K., Nkuhungu*

Salama mpenzi. Ni muvi moja, yako imekatwa. Ile ya Kitaliano yenyewe inaenda kama dakika 126. Walipoipeleka kuuza nje ya Italia wakaipunguza zaidi ya dakika ishirini, ikabaki kama 105, na hiyo ndo iliyozagaa dunia nzima miaka na miaka.

Sasa uchungu wangu uko kwenye walichokata. Walichukua zaidi vile vipande vya Marcus na Gianna. Kuna kipande wanashindana kukunja mkono mezani, Marcus kajiamini anahubiri mambo ya wanaume na wanawake, dada wa watu anamlaza mkono, halafu tena. Kuna kigari chake kile kidogo, Fiat 500, siti ya abiria imeharibika, ukikaa inazama, basi Marcus amekaa chini kama mtoto na Gianna yuko juu anaendesha zake, mlango nao haufunguki mpaka watokee juu kwenye paa. Watu wanacheka hapo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukishamzoea Gianna ukampenda, ile sehemu ya mwisho moyo unakudunda kwa ajili yake. Wewe umenyimwa kumzoea. Aliyemcheza anaitwa Daria Nicolodi na ni mzuri mno kwenye hii muvi, ana uso wa mtu anayewaza kitu kingine wakati anakuchekea.

Mimi mwenyewe nilipigwa hivyo hivyo, duka moja la muvi hapa mjini waliniwekea kwenye flashi hiyo fupi na nikakaa nayo mwaka mzima nikidhani ndo yenyewe, nikawa nawaambia watu kwamba ni nzuri ila hadithi imekatika katika. Nilikuwa naisingizia. Kwa hiyo chukua ya mumeo. Na nikwambie kabisa usije ukairudisha dukani: kwenye ile ndefu, kama umeweka sauti ya Kiingereza, mtu atakuwa anaongea Kiingereza ghafla katikati ya maongezi anahamia Kitaliano, sentensi mbili tatu, anarudi. Sio mbovu. Ni kwamba vile vipande vilivyokatwa havina sauti ya Kiingereza, kwa hiyo walivyovirudisha wakaweka Kitaliano na maandishi chini. Tena inakusaidia, kila ukisikia Kitaliano jua hapo ndo walipitisha mkasi.

*Mbona midomo haiendani na maneno? Hata Marcus kuna mahali kama anapishana na sauti yake.*
*— Fundi simu, Majengo*

Kaka ndivyo walivyokuwa wakifanya Italia wakati ule, sauti hawarekodi pale pale, wanapiga picha kwanza, sauti inaingizwa studio baadaye. Kwa hiyo kila mwigizaji alikuja na lugha yake. Aliyemcheza Marcus, David Hemmings, Mwingereza, anaongea Kiingereza, huyu wa pembeni anamjibu Kitaliano, na yule Helga anayeuawa mwanzoni ni Macha Méril, Mfaransa. Ukiangalia kwa lugha yoyote ile lazima kuna mtu mdomo wake utagoma. Sie tuliokulia kwenye vibanda umiza muvi ya Kichina inatafsiriwa Kiswahili na jamaa mmoja anayefanya sauti za watu wote, mama, mtoto na adui, hilo halitushindi.

*Dada mimi nina miaka hamsini na mbili, nauza chakula Sabasaba. Muvi za bunduki naangalia na wanangu sishtuki, watu hamsini wanalala chini mi nakula karanga. Lakini pale kwa yule mama anayezamishwa uso kwenye maji ya moto nilitoka nje nikasimama uani. Kwa nini hii imeniingia hivi?*
*— Mama Lishe, Sabasaba*

Mama yangu shikamoo. Swali lako ni zuri kuliko yote niliyopata mwezi huu.

Argento aliandika hii muvi na mtu anaitwa Bernardino Zapponi, na hilo unalolisema walilipanga makusudi kabisa. Zapponi aliona kwamba risasi watu wengi hawajui inaumaje, haijawahi kuwapata. Kwa hiyo wakatafuta maumivu ambayo kila aliyekaa pale sinema anayajua mwilini mwake. Nani hajawahi kuungua na maji ya moto? Nani hajawahi kugonga mdomo kwenye kona ya kitu? Ndo maana yupo anayeunguzwa na maji bafuni, na yupo mwingine anayegongeshwa meno kwenye kona za samani, na ile ya pili mimi ndo huwa nafumba macho, kwa sababu nikiwa darasa la tano niliteleza nikagonga jino kwenye ngazi ya sementi na ile sauti ya ndani ya kichwa ninayo mpaka leo.

Wewe mama umeinua masufuria miaka yote hiyo. Umeungua mara ngapi na maji ya ugali, mvuke wa wali ukifunua mfuniko? Mwili wako ulijua kabla akili haijajua.

Ila kama ulitoka nje ulikosa kitu na naomba urudi hapo hata kama ni kwa kuchungulia. Yule mama, anaitwa Amanda Righetti, ni mwandishi wa vitabu, kabla hajakata roho anaandika kwa kidole ukutani kwenye mvuke. Mvuke unakauka, maandishi yanapotea. Anakuja profesa mmoja siku nyingine anakuta ukuta mtupu mkavu. Mpaka maji ya moto yanafunguliwa bafuni, mvuke unapanda, na herufi zinarudi zenyewe. Wewe hicho unakijua, ni kama dirisha la jikoni asubuhi ya mwezi wa saba Dodoma ikiwa na baridi lake, mjukuu alichora jana ukafuta, ukibandika maji leo mchoro huo hapo.

*Habari dada. Napiga kinanda kwaya ya parokia huku Bahi. Ule mziki ni wa nani, na lile kinanda kubwa linaloingia katikati ni la kanisani au masikio yangu?*
*— Mpiga kinanda, Bahi*

Masikio yako mazima, ni ogani ya kanisani. Mziki wa kwanza alipewa mpiga piano wa jazi wa Kitaliano, Giorgio Gaslini, Argento akaona haumpeleki anakotaka. Akawataka Pink Floyd wa Uingereza, haikuwezekana. Ndo wakaletwa vijana wa pale pale Italia, bendi yao ikaingia kwenye hii kazi kwa jina la Goblin, kwenye kinanda yuko Claudio Simonetti, na wale watoto wakatoa ule wimbo unaoanza na gitaa linajizungusha zungusha kama mtu anapanda ngazi anarudi, besi inaingia, halafu ogani inafunguka juu yake. Miaka miwili baadaye, 1977, Argento akawachukua tena kwa Suspiria.

Lakini kazi ya Gaslini haikutupwa yote. Kile kiwimbo cha watoto, la la la, ni chake. Na hicho kikae masikioni kwako, kwa sababu muuaji anatembea nacho kwenye redio kaseti, anakipiga kwanza ndo anaua. Kwa hiyo ukikisikia yupo ndani ya nyumba tayari. Niliwahi kuiona hii muvi kwenye banda moja imetafsiriwa, mtafsiri hodari kweli, ana maneno, watu wanashangilia, ila kila kiwimbo kikianza yeye anaongea juu yake, na banda zima hakuna aliyejua kwa nini Marcus anasimama ghafla akiwa kwenye piano yake. Pale kinaimba kaseti, muuaji yuko juu ya nyumba. Mimi nilitamani kumshika mkono yule kaka nimwambie nyamaza kidogo tu, sekunde kumi.

*Ile nyumba kubwa ya kutisha ipo kweli au imejengwa kwa ajili ya muvi? Na huo mji ni Roma?*
*— Mwalimu, Kongwa*

Nyumba ipo mwalimu. Hadithi inadai tuko Roma ila sehemu kubwa wamepigia Torino, kaskazini huko. Nyumba inaitwa Villa Scott, ya mwaka 1902, iko kwenye vilima vya Torino, madirisha yake yamepindapinda kama majani. Wakati wanapiga picha ilikuwa bweni la wasichana chini ya masista, na inasimuliwa kwamba watu wa muvi waliwalipia masista na wasichana wao likizo ya ufukweni Rimini ili nyumba ibaki tupu. Uwanja ule wenye sanamu mbili kubwa za chemchemi ni wa hapo hapo Torino, unaitwa Piazza CLN, zile sanamu ni mito miwili ya mji, Po na Dora. Ile baa ya vioo ya pembeni sasa, yenye watu wamekaa hawasogei, hiyo ndo ya kujenga. Wameitengeneza ifanane na mchoro maarufu wa Mmarekani Edward Hopper wa mwaka 1942, watu wa usiku kwenye mgahawa. Angalia tena: Marcus na Carlo wanaongea huku nyuma yao ni mchoro. Unaona Argento anavyokuzoesha? Kabla hujafika hata kwenye ile korido ameshakuchanganyia watu na picha.

Na mwalimu ukirudia kuangalia kaa kwenye kile kipande Marcus anakwangua ukuta kwa kipande cha kioo. Peke yake, nyumba tupu, anakwangua plasta taratibu, chini yake unatokea mchoro wa mtoto. Anaridhika anaondoka. Yeye akishatoka kamera inabaki, na plasta inadondoka yenyewe kidogo, kumbe mchoro unaendelea. Mimi huwa naongea na tivii hapo, rudi wewe, rudi.

*Dada mimi fundi cherehani. Umesema kuna muvi za Kitaliano za mauaji zenye nguo kali. Nitajie moja. Na kwa nini wanaziita za njano?*
*— Fundi, Kondoa*

Njano ni ya vitabu, fundi. Mwaka 1929 kampuni ya Mondadori ilianza kutoa hadithi za kipelelezi zenye kava la njano, zikapendwa mpaka Mtaliano akisema giallo, yani njano, anamaanisha hadithi ya kutafuta muuaji. Muvi zikarithi jina.

Yako wewe ni Sei donne per l'assassino ya mwaka 1964, yani wanawake sita kwa muuaji, ya Mario Bava. Iko ndani ya nyumba ya mitindo huko Roma, wanamitindo wanauawa mmoja mmoja. Muuaji ana kofia, koti refu, glavu nyeusi, na usoni kajifunga kitambaa cheupe, hana pua wala macho. Bava alikuwa mpiga picha za sinema kabla hajawa mwongozaji, kwa hiyo taa anazijua kama unavyojua uzi. Wekundu hapa, kijani pale, zambarau kwenye pazia, gauni linaning'inia gizani unadhani mtu. Muvi inapoanza waigizaji wamesimama hawasogei pembeni ya masanamu ya kuvalishia nguo, kama yale ya dukani kwako. Hela hawakuwa nazo, na huwezi kujua. Ukienda kwa hadithi peke yake Argento anamzidi. Ukienda kwa kitambaa na taa, Bava hana mpinzani kwangu.

*Nimeangalia. Muvi ya hovyo. Steringi hapigi mtu hata ngumi moja ya maana, anapigwa na mwanamke mkono mezani, anakimbia kimbia. Adui angekuwa anapigana na mimi tungemaliza nusu saa.*
*— Kibaigwa*

Nimeisoma kaka na nimeheshimu. Lakini Marcus sio steringi wa ngumi na hakuwekwa pale awe hivyo, ni shahidi. Ni mtu alikuwa anapita njiani akaona. Mimi na wewe tukiona kitu Kibaigwa stendi usiku hatugeuki kuwa makomando, tunageuka watu wasiolala. Yeye hana bastola wala cheo, ana jambo moja tu linamkera kichwani, picha niliyoiona iko wapi, na anashindwa kuliacha hata pale polisi wamemwambia aliache. Huo ndo ujasiri wake. Na mwanamke kumlaza mkono mimi nimekueleza hapo juu, ni kipande bora.

*Mwanangu ana miaka tisa anaitaka. Nimpe?*
*— Baba wawili, Ipagala*

Hapana. Hata ukikaa naye. Damu yenyewe ni rangi rangi, nyekundu kama ya kopo, haitamsumbua. Kitakachomsumbua ni yule mdoli wa mashine anayeingia chumbani anatembea mwenyewe huku anacheka. Kila chumba chenye mlango wazi kitakuwa kesi kwake mwaka mzima, na kwako pia kwa sababu utakuwa unamsindikiza chooni. Mdoli ule ametengenezwa na Carlo Rambaldi, huyo huyo aliyekuja kumtengeneza yule kiumbe wa E.T. mwaka 1982. Mpe hiyo.

*Binti yangu, mimi ni mstaafu, niko Mpwapwa. Nimeangalia na wajukuu wakubwa. Nina mawili. Kwanza mikono ya muuaji, ile ya glavu nyeusi, mbona inatulia sana kama ya mtu anayejua kamera iko wapi? Pili, mwishoni kijana kainama tu anatazama chini, majina yanapita, wajukuu wakazima. Nilihisi kuna kitu.*
*— Mzee, Mpwapwa*

Shikamoo mzee wangu. Mikono umeikamata. Ni ya Argento mwenyewe. Kwenye vile vipande vya karibu anavaa glavu yeye, anashika kisu yeye, aliona hakuna atakayeweza kuifanya kama anavyoitaka. Kwa hiyo kila mkono mweusi unaoingia kwenye picha ni wa mtu aliyeiandika hadithi, na ndo maana hautetemeki.

La pili, wajukuu wamekukosesha. Pale mwisho Marcus ameinama juu ya dimbwi la damu na tunachokiona sisi sio uso wake, ni kivuli cha uso wake ndani ya damu, umegeuka mwekundu, unatutazama. Yani yule kijana aliyehangaika muvi nzima kwa sababu alipita mbele ya kioo hakujua ni kioo, anamalizia ameganda mbele ya kioo kingine, na safari hii anajua. Maandishi yanapita juu ya uso wake na yeye anapumua tu, hasemi kitu.

Waambie waiweke tena mzee, na rimoti ushike wewe.